Diski ya pili kwenye mashine pepe ya Linux, na kwa nini usiliamini jina la sdb

Alhamisi usiku nilipigiwa simu na dada mmoja mwenye studio ya picha Ngamiani, hapa Tanga. "Kaka, kompyuta imenigomea. Yasema imejaa, na Jumamosi nina harusi mbili, moja hapa mjini, nyingine Pangani." Picha zake zinakaa kwenye mashine pepe (kompyuta ya programu tu) ya Linux inayoendeshwa na VirtualBox ndani ya kompyuta ya Windows. Nilipomfungia niliipa diski ya GB 40 nikajiona nimemaliza. Video za harusi hazina simile. Hivi ndivyo nilivyomwongezea diski, pamoja na pale nilipokosea.

1. Tengeneza diski kwenye VirtualBox

Zima mashine pepe kabisa, usiisimamishe tu. Chukua bakapu kwenye diski ya nje. Fungua Settings, ingia Storage, bofya mstari wa kidhibiti cha SATA, kisha alama ya diski yenye jumlisha. Tengeneza diski mpya ya aina ya VDI, yaani faili kwenye Windows linalojifanya diski. Mimi niliweka GB 200.

Utaulizwa kama diski ichukue nafasi yake yote sasa hivi au ikue kidogo kidogo. Inayokua inavutia, lakini ina ujanja wake: Linux itakwambia una GB 200 hata kama kompyuta yenyewe imebakiwa na GB 80. Hizo GB 80 zikiisha, VirtualBox itaigandisha mashine pepe katikati ya kazi. Tena ukifuta picha ndani ya Linux, faili la VDI huku nje halipungui lenyewe. Kwa hiyo kwanza angalia nafasi ya kompyuta, ndipo utaje ukubwa.

2. Itafute diski ndani ya Linux

Washa mashine, fungua terminali:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT`

Mimi niliona sda (jina ambalo Linux iliipa diski ya kwanza) ya 40G yenye mfumo, na chini yake sdb, ile ya pili, ya 200G, tupu, haina patisheni (sehemu iliyogawanywa) wala chochote. Ukubwa ndio shahidi wako. Kama diski mbili zina ukubwa sawa, simama hapo mpaka ujue ipi ni ipi, maana amri zinazofuata hazirudishi kitu kilichofutwa. Ukitumia KVM, programu nyingine ya mashine pepe, yenye diski za virtio utaona vda na vdb. Mengine ni yale yale.

3. Gawa na fomati

`sudo parted /dev/sdb mklabel gpt`
`sudo parted -a optimal /dev/sdb mkpart picha ext4 0% 100%`
`sudo mkfs.ext4 -m 0 -L picha /dev/sdb1`

GPT, mtindo wa kisasa wa kugawa diski, naiweka hata kwenye diski ndogo, kwa sababu mtindo wa zamani wa MBR unaishia TiB 2 na sitaki kurudia kazi. Hilo `-m 0` watu wengi huliruka. Kwa kawaida ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, humtengea root, mtumiaji mkuu wa mashine, asilimia 5 ya diski, yaani kama GB 10 kwenye hii ya 200. Kwa diski ya mfumo ni akiba ya maana. Kwa diski ya picha pekee ni harusi nzima imekosa pa kulala.

4. Andaa mahali pa kuipachika (folda ambamo diski itaonekana)

`sudo mkdir /srv/picha`
`sudo chattr +i /srv/picha`

Amri ya pili inaifunga folda ikiwa bado tupu, hata root asiweze kuandika ndani yake. Diski ikishapachikwa juu yake, kufuli hilo halionekani na kazi inaendelea. Lakini siku diski ikikosa kupachikwa, programu haitamwaga picha kimyakimya kwenye diski ya mfumo. Itapiga kelele, nawe utajua mapema.

5. Iandike kwenye fstab, na hapa ndipo nilipoumia

fstab ni faili linaloiambia Linux ipachike diski gani na wapi kila inapowaka. Mara ya kwanza niliandika `/dev/sdb1` nikaenda zangu kula. Wiki chache baadaye nikaongeza diski ya tatu ya bakapu, nikaichomeka kwenye mlango ulio kabla ya ile ya picha. Asubuhi dada akafungua folda ya picha akakuta bakapu. "Kaka, harusi ya watu iko wapi?" Hakuna kilichopotea, ila jasho lilinitoka. Majina ya sdb na sdc hupangwa upya kila mashine inapowaka, kwa kadiri kernel, kiini cha Linux, inavyozikuta diski. Ni kama wanavyosema kuhusu mji wetu: waja leo, waondoka leo. Namba ya UUID, kitambulisho cha patisheni yenyewe, haihami:

`sudo blkid /dev/sdb1`

Inakili, kisha `sudo nano /etc/fstab`, uongeze mstari mmoja chini:

`UUID=weka-namba-yako-hapa /srv/picha ext4 defaults,nofail 0 2`

Bila `nofail`, diski ikikosekana au ukikosea herufi moja ya UUID, mashine hukwama ikiwaka na kukutupa kwenye hali ya dharura. Mwenye studio hana habari na hali hiyo. Ataona skrini nyeusi tu na kukupigia simu uko msikitini.

Usiwashe upya bado. Jaribu kwanza:

`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo findmnt --verify`
`sudo mount -a`
`df -h /srv/picha`

Mstari wa mwisho ukionyesha karibu 200G, umefika. Ukionyesha ukubwa wa diski ya mfumo, haijapachikwa. Rudi kwenye fstab usome upya herufi kwa herufi.

6. Hamisha picha

Diski mpya ni mali ya root, kwa hiyo mkabidhi mtumiaji wa studio kabla ya yote:

`sudo chown studio:studio /srv/picha`
`sudo rsync -aHAX --info=progress2 /home/studio/picha/ /srv/picha/`

Uangalie ule mkwaju (/) baada ya neno picha la kwanza. Ukiusahau utapata folda ya picha ndani ya folda ya picha. Ikiisha, irudie amri hiyo hiyo. Mara ya pili inapaswa kumaliza haraka kwa kuwa hakuna jipya la kunakili.

Ndipo nikawasha upya mashine, nikaangalia `findmnt /srv/picha`, nikaelekeza Samba, programu inayozifungulia kompyuta za Windows folda hiyo, kwenye njia mpya. Folda ya zamani sikuifuta, niliibadilisha jina ikawa `picha-kuukuu`, nikamwambia dada afanye harusi zake zote mbili kwanza. Jumatatu akafungua picha za Pangani mbele yangu, moja moja, mpaka ya bwana harusi aliyefumba macho. Hapo nikafuta.