Mwendo wa askari wa Roma, Lubumbashi hadi Kipushi

Kutoka Lubumbashi hadi Kipushi ni kilomita 30 hivi. Vegetius, aliyeandika juu ya mafunzo ya jeshi la Roma, alitaka kuruta atembee karibu umbali huo kwa saa 5 za Kiroma za kiangazi, zilizokuwa ndefu kwa kuwa mchana ni mrefu, ambazo kwa saa zetu ni 6 na kidogo. Mgongoni aliweza kubebeshwa hadi kilo 20.

Ukitaka kuuiga mwendo huo, usitegemee mpira peke yake: mchezaji mpira hukimbia kidogo, akapumua, akakimbia tena. Askari alishika mwendo mmoja. Kwa hiyo hata mwenye pumzi nzuri ya uwanjani atachoka mabega na nyayo kwanza.

Anza na bidoni ya lita 5, yaani kilo 5. Ijaze hadi shingoni, maana ikibaki nafasi maji hucheza na kukuyumbisha. Ifunge kwa kitenge, iweke juu ya mkoba, katikati ya mabega. Ikishuka kiunoni inakuvuta nyuma, nawe unainama na mgongo unauma. Uzuri wa maji ni kwamba goti likilalamika njiani, unamwaga.

Tembea kilomita 8, mara 3 kwa wiki. Kila wiki 2 ongeza kilomita 4 kwenye safari moja ya wiki, au kilo 2 na nusu za mzigo, kamwe si vyote pamoja. Misuli hukomaa upesi, kano na mifupa huchelewa. Ukiharakisha, mfupa wa muundi ndio unaoumia. Ukiuma mahali pamoja hata umekaa, acha kabisa. Kwa Kipushi kilo 10 zinatosha, na utahitaji miezi 4.

Askari alipewa karibu gramu 850 za ngano kwa siku, akaongeza maharagi, jibini, mafuta ya nguruwe. Kwa mtu wa kilo 65, siku ya safari ndefu: unga wa bukari gramu 450, maharagi makavu 150, ndakala kavu 50, na lengalenga. Hapo unapata protini karibu gramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili, kiasi kilicho ndani ya kile wanachoshauriwa wanariadha wa leo.

Njiani, ndizi mbivu 2 kwa saa. Askari alikunywa maji yenye siki. Wewe kunywa nusu lita kwa saa, kidogo kidogo. Munkoyo ya siku hiyo inafaa, iliyolala ni pombe tayari.

Ondoka kabla ya jua, na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kisigino kikianza kuwaka, simama hapohapo, vua soksi, bandika plasta kabla lengelenge halijajaa.