Kuinua maji ya kisima kirefu kwa kompresa, hatua kwa hatua

Kisima kilichochimbwa kwenye granaiti ya Mwanza huachwa na mashine kikiwa kimejaa uji wa vumbi la mwamba. Ukishusha pampu ya umeme humo siku hiyohiyo, vumbi linakula impela zake (mapanga ya ndani yanayosukuma maji) kama msasa. Hewa haina cha kuliwa. Ndiyo maana maji ya kwanza hutolewa kwa kompresa, na kanuni ni ileile inayoinua mafuta ghafi kwenye visima vilivyopungukiwa nguvu, ila huko husukumwa gesi asilia.

Wengi hudhani hewa inayasukuma maji kutoka chini kama pistoni. Sivyo. Hewa inachanganyika na maji ndani ya bomba, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na maji mazito yaliyo nje ya bomba yanausukuma juu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa wa kompresa, uliza mdomo wa hewa, yaani mwisho wa mpira unaoleta hewa kutoka kwenye kompresa, umezama mita ngapi.

Hatua ya 1: Pima maji. Tuchukue mfano wa kisima cha mita 80 pale Kisesa. Maji yakitulia yako mita 14 kutoka juu, yakivutwa yanashuka hadi mita 20. Bila namba hizi mbili utakuwa unabahatisha.

Hatua ya 2: Chagua kina cha mdomo wa hewa. Weka mita 50. Wakati wa kuvuta, mita 30 kati ya hizo 50 zitakuwa ndani ya maji, yaani asilimia 60. Hapo ni pazuri. Asilimia 40 bado inaenda kwa shida. Chini ya hapo maji yanatoka kwa kukohoa, hewa nyingi na maji kidogo.

Hatua ya 3: Hesabu presha na wingi wa hewa. Kila mita 10 za maji zinataka takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Kuanza: 50 toa 14 ni mita 36, yaani baa 3.6, ongeza 0.3 ya msuguano kwenye mpira. Kompresa ya baa 7 inatosha kabisa.

Kwa wingi, kadiria lita 5 hadi 6 za hewa kwa kila lita ya maji. Ukitegemea lita 150 za maji kwa dakika, unahitaji hewa kama lita 840. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo tafuta kompresa ya lita 1,000 kwa dakika.

Hatua ya 4: Shusha mabomba. Bomba la maji inchi 3, na ndani yake mpira wa hewa wa robo tatu ya inchi. Mdomo wa hewa ubaki ndani ya bomba, mita 1.5 hadi 2 juu ya mwisho wake. Mdomo ukitokeza nje ya bomba, hewa inapanda pembeni kwenye kesing (bomba pana linaloshikilia kuta za kisima) au inaingia kwenye nyufa za mwamba na kuziba njia ya maji. Tia alama ya tepu kwenye mpira kabla ya kushusha. Mpira wa poli uliojaa hewa unaelea, kwa hiyo mwishoni funga kipande cha bomba la chuma, ukitoboe matundu ya milimita 3 au 4 kuzunguka, upande wa chini.

Hatua ya 5: Washa taratibu. Funga mnyororo wa usalama kwenye kila kiungo cha hosi, na usifungue kiungo chochote kabla presha haijaisha. Hosi ikichomoka inachapa kama mjeledi na inaweza kuua. Fungua koki polepole, maana kesing ya plastiki inaweza kubonyea maji ya ndani yakitoka ghafla huku ya nje bado yamesimama.

Sasa itazame geji, saa ya kusomea presha. Inapanda hadi karibu 3.9, maji yanatoka, kisha inashuka na kutulia kama 3.3. Tofauti ya 0.6 ni mita 6: maji yameshuka kutoka 14 hadi 20. Geji imekupimia kisima bila kushusha kamba.

Hatua ya 6: Washa na kuzima. Acha maji yatoke dakika 10, zima, maji yaliyo ndani ya bomba yaanguke na kugonga nyufa, washa tena. Rudia hadi maji ya kwanza baada ya kuwasha yawe safi. Yazungushe kwenye ndoo nyeupe: mchanga ukikusanyika katikati, endelea.

Mwenye kisima akiona maji meupe kama maziwa huogopa. Jaza glasi na usubiri. Yakianza kung'aa kutokea chini kwenda juu, ni viputo vya hewa tu. Yakianza kung'aa juu huku weupe ukitua chini, hilo ni vumbi, na kazi haijaisha.

Kosa jingine: kompresa inanguruma, geji imesimama kwenye 7, hakuna tone. Mdomo uko chini mno. Kwenye kisima kirefu kuliko huu wetu wa mfano, ukiuweka mita 100 na maji yako mita 14, unahitaji baa 8.6. Anza na mita 60. Kwenye kisima dhaifu maji yakishuka hadi 35, teremsha mdomo polepole hadi 100. Sasa unahitaji baa 6.5 tu.

Kisima cha mafuta kina maelfu ya mita, hivyo hawateremshi mpira. Hupanga valvu kadhaa kwenye bomba kwa vina tofauti. Gesi huingia kwanza kwa valvu ya juu, kimiminika kikishuka inajifunga na ya chini yake inachukua zamu, hadi ya mwisho inayobaki ikifanya kazi. Hewa huepukwa kwa sababu oksijeni ikikutana na mvuke wa mafuta inaweza kulipuka, na pia huharakisha kutu.

Kipimo cha ndoo hapa (lita 20 kwa sekunde 8 ni lita 9,000 kwa saa) ni makadirio. Usinunulie pampu kabla ya kupima kwa pampu halisi. Sampuli ya kupima chuma ichukuliwe hapo pia, maana hewa hugeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu. Kompresa nayo huacha ukungu wa oili, hivyo vuta maji hayo yote uyamwage, ndipo utie klorini.