Maziwa yakikukataa: jua kwanza ni laktosi au ni aleji

Huku kwetu Lamu mtu akisema "maziwa yanikataa" hakuna anayeuliza zaidi, anapewa chai ya rangi na maneno yaisha. Lakini hapo pana vitu viwili tofauti kabisa, na ukivichanganya utamtisha mtu bure, au mbaya zaidi utampoteza mtoto.

Kwanza laktosi. Hii ni sukari iliyomo kwenye maziwa yote, ya ng'ombe, mbuzi, ngamia, hata ya mama. Ndani ya utumbo mwembamba kuna kimeng'enya cha kuivunja, sasa wengi wetu tukishakuwa wakubwa kinapungua, duniani ni kama watu wazima 65 katika kila 100, kwa hiyo usijione una ugonjwa wa ajabu. Sukari ikikosa kuvunjwa inateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, ndo tumbo linajaa gesi, linanguruma, na pengine unaendesha, nusu saa mpaka masaa mawili hivi baada ya kunywa. Inasumbua sana lakini haiui.

Aleji ni nyengine. Hapo mwili unaishambulia protini ya maziwa kama adui, na tone moja latosha. Wanaopata zaidi ni watoto wadogo, na wengi wao inawaondoka wakikua. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi 11, ilikuwa Ramadhani, jirani kaleta kaimati nami nikamkatia kipande kama ukucha. Hata sahani sijaiweka chini midomo ishavimba, vipele vimepanda shingoni, kifua chalia kama filimbi. Kaimati zilikandwa na mtindi na mimi sikuuliza.

Ukitaka kujua kama ni laktosi, acha maziwa wiki mbili, uone tumbo linatulia vipi, halafu rudisha nusu kikombe pamoja na chakula. Wengi wanaweza kikombe kimoja kwa siku bila shida wakinywa na chakula, na mtindi huwa mwepesi zaidi kwa sababu bakteria washaila sehemu ya hiyo sukari. Kama ulikuwa sawa tu na shida imeanza baada ya kuharisha vibaya, mara nyingi yapita yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini mtu aliyewahi kuvimba au kubanwa kifua USIMJARIBISHE nyumbani hata kijiko, huyo ni wa daktari.

Na mtoto anayenyonya mwenye aleji usimwachishe ziwa tafadhali. Mama ndo anaacha maziwa ya ng'ombe na vyote vinavyotokana nayo, kwa ushauri wa daktari. Wazee watakwambia mpe ya mbuzi, wanasema kwa mapenzi, lakini protini zake zafanana sana na za ng'ombe na wengi wenye aleji yatawadhuru vilevile. Ya ngamia pia usijaribu bila daktari.

Sasa jikoni, alhamdulillahi sisi wa pwani tuna bahati. Tui la nazi si maziwa, halina laktosi wala protini ya ng'ombe, kwa hiyo wali wa nazi, mbaazi, vitumbua, samaki wa kupaka, vyote vyaenda ukishahakikisha mpishi hakuongeza kitu. (Ila tui halitoshi kuwa maziwa ya mtoto mchanga, hilo lisikupite.) Pa kuangalia ni hapa: nyama ya biriani hulowekwa kwenye mtindi, mahamri siku hizi wengine wanatia maziwa ya unga, faluda na labania ni maziwa matupu, halua na vileja vina samli. Mwenye shida ya laktosi samli haimsumbui, ina laktosi kidogo mno, mwenye aleji aiache kwa sababu protini hubaki. Na upawa uliokoroga chai ya maziwa usiingie kwenye sufuria yake kabla ya kuoshwa. Kwenye pakiti za biskuti na mkate soma maneno milk, whey na casein. Kalsiamu mtaipata kwa dagaa wa kuliwa na miba yake, simsim na sukuma wiki.

Kwenye harusi usione haya, ingia jikoni umuulize mpishi mwenyewe, "mama, humu mumetia nini?" Ukiuliza anayegawa sahani atakwambia hamna kitu, naye hajui.

Kifua kikibana, ulimi ukivimba, sauti ikibadilika au mtoto akalegea, hapo dawa ya mafua na mzio haitoshi, dawa ni sindano ya adrenalini na ni haraka. Kama daktari alikupa ya kukaa nayo mchome papo hapo, halafu hospitali hata akionekana amepata nafuu, yaweza kurudi. Mlaze, akishindwa kupumua mkalishe, na asitembee, mbebeni. Vichochoro vyetu gari haipiti, na walioko Siyu wanajua maji yakipwa boti haitoki, kwa hiyo panga sasa hivi mtapita wapi na nani atawavusha usiku, na namba ya huyo nahodha iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba hiyo, na ya bibi pia.