Asilimia 88 ya nini? Kabla hujaingiza lori lako chini ya kampuni Marekani

"Kaka, wamenipa asilimia 88!" Simu ya namna hii huniingilia Jumapili jioni. Mtu yuko kwenye kituo cha malori huko Indiana, kanunua kichwa chake cha kwanza na tela lake, anatafuta kampuni ya kuingia, na furaha unaisikia hadi kwenye pumzi zake. Nami huwa na swali moja tu: asilimia 88 ya nini? Hapo simu inakuwa kimya kidogo.

Tuelewane kwanza. Una lori lako, umemaliza kulilipia au benki bado inakudai, lakini huna namba yako ya DOT (ya usajili wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) wala bima kubwa ya kubebea mizigo ya watu. Unasaini mkataba na kampuni yenye vibali, unabandika jina lake mlangoni, unabeba kwa namba yake na bima yake, nayo inabaki na fungu lake. Wengi wetu tunaanzia hapo na si kosa. Bima ya aliyeanza juzi ni ghali mno, na madalali wengi wa mizigo hawamwamini mwenye namba ya miezi miwili. Ila wewe si mwajiriwa. Mwisho wa mwaka unapewa fomu ya 1099, ile ya mapato ya mtu asiye mwajiriwa, hakuna aliyekukatia kodi njiani, matairi ni yako, na injini ikifa msiba ni wako peke yako.

Sasa turudi kwenye asilimia. Tuseme mzigo umetoka Columbus kwenda Dallas na dalali ameulipia dola 2,400. Kampuni ya kwanza inakupa asilimia 75, lakini inakwambia mzigo "una" dola 2,000. Unapata 1,500. Ya pili inakupa asilimia 70 tu, ila inakuonyesha karatasi yenyewe ya dalali. Unapata 1,680. Aliyekupa asilimia ndogo ndiye aliyekulipa zaidi, na usingejua kamwe kama hukuiona karatasi.

Kuiona karatasi hiyo si hisani. Kanuni za shirikisho kuhusu mikataba ya kukodisha malori, zile za 49 CFR sehemu ya 376, zinataka mkataba uandike kwamba dereva anayelipwa kwa asilimia atapewa nakala ya ankara ya mzigo kabla ya malipo au wakati wa malipo. Kampuni inaruhusiwa kufuta majina ya mwenye mzigo na mpokeaji ili usiichukulie wateja wake. Kufuta jina tu, bei inabaki. Kwa hiyo ukiambiwa "hizo ni siri za ofisi", jibu ni jepesi: futeni majina, nionyesheni bei.

Najua ugumu wake, maana ulinipata mimi mwenyewe. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu wa nyumbani. Tulikutana kwenye msiba, akaniita mdogo wangu, akasema mkataba wa nini wakati sisi ni ndugu. Miezi mitatu nilibeba kwa kupeana mikono. Siku moja karani wa ghala alinipa karatasi ambayo haikuwa yangu, yenye bei ya dalali: dola 3,100. Mimi nilikuwa nimeambiwa 2,500. Kwa asilimia zangu 80, dola 480 zilikuwa zimepotea katika safari moja, na sijui ngapi kabla yake. Aibu yangu haikuwa ya kuibiwa. Ilikuwa ni kwamba niliona haya kumwuliza mtu mzima, mtu aliyechangia nauli ya kumsafirisha marehemu. Siku hizi namwambia kila anayenipigia: kampuni ya Mtanzania, ya Mkenya, ya Mkongomani wa Louisville au ya Mzungu wa Nebraska, zote lazima ziandike mkataba na kuusaini. Nakala moja inakaa kwenye lori, nyingine ni yako. Mwenye kampuni akikasirika kwa sababu umeomba karatasi, amekujibu tayari.

Jambo la pili ni makato, na hapa ndipo asilimia 88 huliwa ikabaki mifupa. Usikubali kuelezwa kwa mdomo. Omba hati ya malipo ya wiki ya dereva aliyekaa pale mwaka mzima, jina likiwa limefutwa, halafu isome mstari kwa mstari: bima ya mzigo, bima ya lori lenyewe, bima ya kuumia kazini, kodi ya tela kama huna lako, kifaa cha logi (kinachorekodi saa zako za kuendesha), pleti za namba, kadi ya mafuta, amana. Kila kato lazima liwe limetajwa kwenye mkataba pamoja na namna linavyohesabiwa, na kampuni hairuhusiwi kukulazimisha ununue kitu au huduma kwake ili upate kazi. Uliza pia nyongeza ya mafuta anayolipa mwenye mzigo inafika kwako yote au inagawanywa, na lile punguzo la kadi ya mafuta linaishia mfukoni mwa nani. Lori linalokwenda maili 6.5 kwa galoni, ukikimbia maili 2,500 kwa wiki, linakunywa galoni kama 385. Punguzo la senti 40 kwa kila galoni ni dola 154 za wiki hiyo.

Kisha uliza swali ambalo dereva mzaliwa wa Ohio pengine hatalihitaji: nikienda nyumbani wiki tano, makato yanaendelea? Sisi hatuendi likizo ya siku nne. Tunakwenda Desemba tunarudi Januari, au tunapigiwa simu usiku kwamba mama amelazwa na kesho tuko uwanja wa ndege. Nimeona mtu aliyetua kutoka Nairobi akakuta anadaiwa zaidi ya dola 2,000, kwa sababu bima, tela na kifaa vilikuwa vikihesabiwa kila Ijumaa huku lori limeegeshwa. Kampuni nyingine hukubali kusimamisha baadhi ya makato ukitoa taarifa mapema. Hilo nalo liandikwe.

Amana ni fedha zako zilizoshikwa, basi. Mkataba useme ni kiasi gani, ni ya kulipia nini, na una haki ya kuuliza hesabu yake wakati wowote. Kampuni inatakiwa kuilipia riba angalau kila miezi mitatu, na mkataba ukivunjika irudishwe ndani ya siku 45, ikiwa imetolewa yale tu yaliyotajwa kwenye mkataba. Malipo ya safari nayo yana kikomo: siku 15 tangu uwasilishe karatasi zinazotakiwa za mzigo uliofikishwa. Na kampuni haiwezi kukunyima malipo kwa kisingizio kwamba mpokeaji aliandika dosari kwenye karatasi ya mzigo.

Kabla ya kupiga simu yoyote, ingia kwenye tovuti ya SAFER ya FMCSA, shirika la serikali ya shirikisho linalosimamia usalama wa malori, andika namba ya DOT ya kampuni, ni bure. Utaona ina malori mangapi, ajali ngapi katika miezi 24, na asilimia ya magari na madereva waliosimamishwa barabarani walipokaguliwa, huku wastani wa taifa umewekwa pembeni ulinganishe. Angalia pia historia ya bima yake: iliyofutiwa bima mara kwa mara inaweza kukuacha kando ya barabara ukiwa na mzigo wa mtu. Sifa mbaya ya kampuni inakufuata wewe. Kwenye mizani lori lake linaitwa ndani wakati wengine wanapitishwa. Tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva asiyemudu Kiingereza mbele ya mkaguzi anaweza kusimamishwa palepale, kwa hiyo kuitwa mara nyingi kuna uzito mpya, hasa kwa ndugu zetu waliofika kutoka kambi za wakimbizi na bado wanajifunza lugha.

Kwenye bima, kumbuka hili: bima ya kampuni inakulinda ukiwa kazini kwake. Ukiwa na kichwa cha lori bila tela unakwenda kanisani, msikitini au dukani, unahitaji bima nyingine ya dhima nje ya kazi, yaani ya madhara unayomsababishia mtu mwingine. Haina bei kubwa. Usiiruke.

Kuhusu zile kampuni zinazokukopesha lori lao wenyewe ulipe polepole huku ukibeba mizigo yao, mimi nasema kimbia. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya shirikisho kilitoa ripoti Januari 2025 kikipendekeza Bunge la Marekani lipige marufuku mpango huo. Anayekuuzia lori ndiye anayekupangia mizigo ya kulilipia. Akikubania mizigo mwaka wa tatu, lori linarudi kwake na wewe unaanza na mkoba wa nguo.

Ukishapata mkataba, usiusainie ofisini huku dispacha, yule mpanga mizigo wa kampuni, anakutazama. Nenda nao nyumbani. Chama cha OOIDA cha madereva wenye malori yao, chenye makao Grain Valley, Missouri, tangu 1973 kimekuwa upande wa watu kama sisi, na ada ya uanachama ni ndogo kuliko tairi moja. Mwanao wa chuo naye anaweza kuusoma akupigie mstari chini ya kila neno "makato".

Na soma ukurasa wa kuondoka kabla ya ukurasa wa kuingia. Notisi ni ya siku ngapi? Pleti zimesajiliwa kwa jina la nani? Zikiwa za kampuni, siku unayotoka lori lako halina pleti, na litakaa uani mpaka upate nyingine huku benki ikihesabu siku. Kampuni inaweza kushikilia malipo ya mwisho mpaka urudishe alama zake, kwa hiyo siku hiyo bandua jina mlangoni, rudisha pleti, kibali na kifaa cha logi, piga picha ya kila kimoja, na umwombe anayevipokea ofisini asaini na kuandika tarehe. Siku 45 zako zinahesabiwa tangu mkataba ulipovunjika, hivyo na barua ya kuuvunja iwe na tarehe, na nakala yake ikae kwako.