Namba kubwa ipasue kwa kalamu, kalkuleta iache mfukoni

Vijana wa kidato cha pili wanaokuja barazani kwangu hapa Wete baada ya alasiri siwapi namba za kubuni. Nawapa za sensa. Hii ni ya 2022, watu wa Tanzania nzima: 61,741,120. Kazi ni kuipasua mpaka zibaki namba tasa tupu, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Anza mkiani. Sifuri ya mwisho inakwambia 10 imo, yaani 2 na 5. Itoe, ubaki na 6,174,112. Hiyo ni shufwa, basi gawa kwa 2 mpaka ikatae: 3,087,056; 1,543,528; 771,764; 385,882; 192,941. Mara tano, pamoja na ile 2 ya ndani ya 10, ni sita. Kwa 3 jumlisha tarakimu: 1+9+2+9+4+1 = 26. Haimo. 5 nayo haimo tena.

Sasa penye utamu. Wengi huja wakijua kanuni ya 3 na ya 9, lakini ikitajwa 7 wanatazamana. Sikieni: 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa kuwa 1,000 ni 1,001 kasoro moja, unaweza kuikata namba tarakimu tatu tatu kutoka kulia, ukatoa na kujumlisha kwa zamu. 941 − 192 = 749. Pima 749 badala ya namba yote: 7 inaingia mara 107 bila baki, 11 na 13 zinakataa. Mkato mmoja, majaribio matatu.

192,941 ÷ 7 = 27,563. Ikate tena: 563 − 27 = 536, zote tatu zinakataa. Kuanzia hapa ni subira tu: 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, hakuna. 43 inakubali: 43 × 641. Isingekubali, ungeendelea hadi 166 na kusimama, maana kipeuo cha pili cha 27,563 kinapita hapo kidogo tu. Na 641 usijisumbue kuipima. Ingekuwa na kigawo, kimoja kingekuwa chini ya 26, na hizo zote zimeshakataa.

Hii 641 ina jina, ati. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake, Euler, akaonesha inagawanyika kwa 641. Namba hiyo hiyo, imejificha ndani ya sensa yetu!

Jibu basi: 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Ukitaka idadi ya vigawo vyote, ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Kuviandika kimoja kimoja ni kupoteza wino.

Ya kufanya nyumbani ni Zanzibar peke yake, sensa ile ile: 1,889,773. Mkato nawafanyia mimi: 773 − 889 + 1 = −115, kwa hiyo 7, 11 na 13 hazimo. 2, 3 na 5 zioneni wenyewe. Anzeni na 17, na kikomo ni 1,374.