Namna ya kuhakikisha zege linashika nondo barabara

Nondo haisaidii kitu ndani ya boriti mpaka zege liikamate. Wengi hudhani saruji ndiyo inayoigandisha kama gundi, lakini mnato huo huachia mapema sana, nondo ikisogea kidogo tu. Baada ya hapo kinachofanya kazi ni msuguano, na zaidi ya yote mbavu za nondo zinazoegemea zege. Nondo laini haina mbavu, na ndiyo sababu ncha zake hukunjwa.

Mbavu zinapovutwa hulisukuma zege mbele na pia kulitanua kwenda nje pande zote. Zege linaloifunika nondo likiwa jembamba, hupasuka kwa ufa unaofuata nondo, na mshiko hupotea ghafla. Kava, yaani unene wa zege hilo la kufunika, ikifika takriban mara mbili na nusu ya kipenyo cha nondo, na ringi (vyuma vinavyozunguka nondo kuu) zikiwa za kutosha, ufa huo huzuiwa. Hapo nondo haitoki mpaka zege lililo kati ya mbavu lisagike, jambo linalohitaji nguvu kubwa zaidi.

Anza na urefu wa kujishikiza, yaani urefu wa nondo unaopaswa kuzama ndani ya zege ili isichomoke. Gawa kipenyo kwa 4, kisha zidisha kwa mkazo wa chuma uliogawanywa kwa nguvu ya mshiko. Kwa zege la daraja la nguvu C25/30, Eurocode 2, kanuni za Ulaya za kusanifu miundo ya zege, inatoa mshiko wa usanifu wa niutoni 2.7 kwa milimita ya mraba. Chuma cha daraja 500 kikifanyishwa kazi hadi mkazo wa niutoni 435 kwa milimita ya mraba, nondo ya milimita 16 inahitaji 16 ÷ 4 × 435 ÷ 2.7, yaani takriban milimita 645. Hiyo ndiyo "mara 40 ya kipenyo" inayotajwa saiti, na kwa kujishikiza si mbaya. Kosa ni kuitumia kila mahali. Nondo zote zikiungwa kwa kupishanishwa sehemu moja, urefu huzidishwa kwa 1.5 na kufika karibu milimita 970. Ni afadhali kutawanya maungio ili yasikae kwenye mstari mmoja, tena mbali na pale boriti inapovutwa zaidi. Waya wa kufungia hauchangii nguvu yoyote kwenye maungio. Kazi yake ni kushikilia nondo zisihame wakati wa kumwaga.

Nondo za juu zinastahili uangalifu wa pekee. Zege bichi hushuka polepole baada ya kumwagwa, na maji hupanda. Nondo iliyofungwa haishuki nalo, kwa hiyo chini yake hubaki mwanya mwembamba wa maji na povu la saruji. Kwenye boriti yenye kina kinachozidi milimita 250, Eurocode 2 hupunguza mshiko wa nondo za juu hadi asilimia 70, na zile milimita 645 zinakuwa 920. Zege lenye maji mengi huzidisha tatizo, hata kama mafundi wanalipenda kwa kuwa linamiminika kirahisi.

Kabla ya kumwaga, kagua chuma chenyewe. Kutu nyembamba iliyoshikamana haina madhara, wala haifai kupoteza muda kuipiga msasa. Kutu inayobanduka kwa magamba iondoe kwa brashi ya waya, kisha pima kipenyo kama hakijaliwa. Udongo na mafuta havikubaliki: paka oili ya fomu (mbao za kumwagia zege) kabla ya kupanga nondo, kamwe si baadaye. Acha nafasi kati ya nondo isiyopungua kipenyo chake, milimita 20, au ukubwa wa kokoto kubwa kuongeza milimita 5, kwa kufuata kilicho kikubwa. Kokoto zikikwama, chini ya nondo patakuwa na mashimo.

Vaibreta, mashine ya kutetemesha zege, iingie wima, ipite safu mpya na kuzama kama milimita 150 kwenye safu ya chini yake, ikae sekunde 5 hadi 15, kisha itolewe taratibu ili tundu lijifunge. Usitetemeshe zege kwa kuigusisha kwenye nondo. Nondo za kuanzia nguzo, zinazochomoza ili nguzo iungwe juu yake, zifungwe kabla ya kumwaga. Ukizichomeka kwenye zege linaloanza kukaza, utaacha uwazi usioonekana pembeni mwake. Baada ya hapo zisitikiswe wala kukalishwa mbao.

Nyufa zikijitokeza juu, zikifuata mistari ya nondo, saa chache baada ya kumwaga, zege limeshuka na kuning'inia kwenye chuma. Jaribu vaibreta ikiwa imewashwa: ikizama kwa uzito wake yenyewe, tetemesha upya na usawazishe uso. Isipozama, acha. Kulazimisha kutavunja mshiko ulioanza kujengeka, na kupaka saruji juu ya ufa hakujazi mwanya ulio chini ya nondo.