Namna ya Kutunza na Kutibu Goti Lililosagika

Mtu anayesema kwamba goti lake limeishiwa ute kwa kawaida gegedu lake limesagika, yaani lile tabaka jeupe lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka katika ute wa goti, unaoingia na kutoka kila kiungo kinapobanwa na kuachiliwa. Ndiyo maana goti linalopumzishwa kwa miezi huzidi kudhoofu. Kati ya mifupa hiyo hukaa menisiki mbili, vipande vya gegedu gumu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo kwa kijana huchanika kwa kishindo, mguu ukiwa umekanyaga na mwili ukageuka, lakini kwa aliyepita miaka 40 hufumuka polepole kama pindo la nguo kuukuu.

Kwanza chunguza dalili. Goti lililosagika huuma wakati wa kupanda ngazi au kuinuka kitini, na asubuhi hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa. Ukakamavu ukidumu zaidi ya saa nzima, na vidole navyo vimevimba, huenda ni baridi yabisi, ambayo ina dawa zake. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na mwili ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi huweza kuliharibu gegedu ndani ya siku chache. Fanya haraka vilevile iwapo goti limekwama na halinyooki.

Eksirei ipigwe ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala nafasi iliyopungua kati ya mifupa huweza isionekane. Jibu la MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, linalotaja mchaniko wa menisiki lisikuogopeshe peke yake: watu wengi waliopita miaka 50 wana michaniko hiyo na hawaumwi popote.

Tiba kuu ni kuimarisha misuli ya paja, na hapa naomba uvumilivu wako. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, kaza paja mpaka uone kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kikivutwa juu kidogo, hesabu sekunde 5, kisha ushushe mguu taratibu bila kuuachia udondoke. Rudia mara 10, halafu ubadilishe mguu. Ukizoea, fanya zoezi la kusimama kutoka kitini bila kujishikiza kwa mikono. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana madhara. Yakizidi hadi kesho yake, punguza idadi lakini usiache. Jipe wiki 6 hadi 12 kabla ya kuamua kama mazoezi yamekufaa.

Mwenye uzito uliozidi ajue kwamba kila kilo 1 anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takribani kilo 4 kwa kila hatua. Anayetumia fimbo aishike kwa mkono wa upande wa goti zima. Wengi huishika upande unaouma, nayo haiwasaidii inavyopaswa.

Kwa maumivu, anza na diklofenaki ya kupaka. Vidonge vya jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu, hivyo visitumiwe kwa muda mrefu bila daktari. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe inayochomwa ndani ya goti, hutuliza kwa wiki chache, lakini utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochomwa kila miezi 3 kwa miaka 2 walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wengine.

Ukishauriwa kukatwa menisiki iliyochakaa kwa upasuaji wa kamera, uliza maswali kwanza. Huko Ufini, utafiti wa mwaka 2013 ulilinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza, ambapo menisiki haikukatwa, na baada ya mwaka mmoja hali za makundi yote mawili zilikuwa karibu sawa. Goti la bandia ni kwa yule ambaye, baada ya haya yote, bado maumivu yanamnyima usingizi na mwendo. Magoti mengi ya aina hiyo hudumu zaidi ya miaka 20, na anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na mapaja yenye nguvu huwa na mwanzo mzuri zaidi wa kujifunza kutembea tena.